Raleigh na jezi ya njano ya 1980: uchambuzi wa kisa cha baiskeli za Uingereza

Kati ya 2012 na 2018 Waingereza walitwaa Tour de France mara sita katika miaka saba. Bradley Wiggins alifungua njia mwaka 2012, Chris Froome akachukua 2013, 2015, 2016 na 2017, Geraint Thomas akafunga hesabu mwaka 2018. Wote walikuwa timu moja, Team Sky, yenye makao Manchester, udhamini wa Kiingereza na bosi Mwingereza. Na wote walipanda Pinarello, baiskeli ya kampuni ya Treviso, Italia.

Kwa nchi nyingine hilo lingekuwa jambo la kawaida. Kwa Uingereza linashangaza, kwa sababu ndiyo nchi iliyowahi kuiuzia dunia baiskeli. Wazee wetu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuambiwa Raleigh ni nini: baiskeli nyeusi, nzito, ya breki za vyuma na keria ya kubeba gunia, ambayo mtu aliirithi kwa baba yake ikiwa bado inatembea. Mwaka 1951 kampuni hiyo ya Nottingham ilitengeneza zaidi ya baiskeli milioni moja. Lakini ukikagua timu 18 za daraja la juu la mbio za barabarani msimu wa 2024, unakuta Pinarello, Colnago, Wilier na Bianchi za Italia, Specialized, Trek na Cannondale za Marekani, Canyon na Cube za Ujerumani, Giant na Merida za Taiwan, Scott ya Uswisi, Cervélo ya Kanada, Look na Van Rysel za Ufaransa. Ya Kiingereza hakuna.

Maelezo mepesi yapo mengi, na karibu yote yana shida. Ili tusipotee, nachukua kisa kimoja na kukifuata: ushindi wa Raleigh katika Tour ya 1980. Ndiyo mara pekee baiskeli ya kampuni ya Kiingereza ilifika Paris ikiwa imebeba jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio, na ndani ya ushindi huohuo zimejificha sababu nyingi za kilichofuata.

Ushindi wenyewe

Joop Zoetemelk, Mholanzi, alikuwa na miaka 33 na alishakuwa wa pili katika Tour mara tano. Mwaka huo alihamia timu ya TI-Raleigh (TI ni Tube Investments, wamiliki wa Raleigh). Bernard Hinault, Mfaransa aliyetawala mbio za zama hizo, alikuwa mbele, kisha goti likamsaliti na akajitoa usiku mjini Pau akiwa bado na jezi ya njano. Zoetemelk akaipokea na kuilinda hadi mwisho, akimwacha Hennie Kuiper kwa karibu dakika saba. TI-Raleigh hawakubahatisha lakini: walishinda hatua 11, yaani vipande vya mbio hizo, yakiwemo mashindano ya timu nzima dhidi ya saa. Jan Raas na Gerrie Knetemann, wote mabingwa wa dunia wa miaka miwili iliyotangulia, walikuwa humo.

Majina hayo yanakueleza jambo. Raas, Knetemann, Zoetemelk, Lubberding: Waholanzi watupu. Raleigh walianza timu mapema miaka ya 70 wakiwa na waendeshaji wa Kiingereza, lakini kuanzia 1974 walimkabidhi Peter Post, Mholanzi mkali aliyekuwa na historia ndefu kwenye mbio za ndani ya ukumbi, na Post hakuwa na muda wa kulea watu. Baada ya misimu michache Waingereza walikuwa wamekwisha kikosini. Kampuni haikulalamika, kwa sababu timu ilikuwa tangazo la kuuzia baiskeli Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani na Ufaransa. Nyumbani Uingereza, mtu wa kawaida aliyekwenda dukani kumnunulia mtoto Chopper ya Raleigh, ile yenye usukani mrefu na kiti kama cha pikipiki, hakujua Zoetemelk ni nani wala hakuhitaji kujua.

Baiskeli zenyewe hazikutoka kwenye kiwanda kikubwa cha Nottingham. Zilitoka Ilkeston, mji mdogo wa jirani, kwenye karakana maalumu iliyosimamiwa na Gerald O'Donovan tangu 1974. Inafaa kusimama hapa kidogo, maana ndipo ufundi wa Kiingereza ulipofikia kilele chake.

Mwaka 1976 Reynolds wa Birmingham, watengenezaji wa mabomba ya fremu, walitoa bomba walilolipa jina 753. Lilikuwa chuma kile kile cha 531 walichokuwa wakikiuza tangu 1935, ila kimepitishwa kwenye joto kwa namna iliyokipa nguvu zaidi, kwa hiyo ukuta wa bomba ungeweza kuwa mwembamba, nusu milimita au chini yake. Tatizo likawa kwenye kuunganisha. Fundi aliyezoea kulehemu kwa shaba nyeupe kwenye moto mkali angeliua bomba hilo: nguvu yote iliyotokana na joto la kiwandani ingepotea kwa joto la karakana. Ilibidi kutumia madini ya fedha, yanayoyeyuka kwa moto mdogo, na kwa kuwa fedha haijazi nafasi kubwa, bomba na kiungo vilitakiwa viingiane sawasawa bila kucheza. Reynolds hawakumuuzia 753 kila aliyekuja na pesa. Fundi alituma kwanza kipande cha majaribio alichokiunganisha mwenyewe, wakakipima, ndipo wakampa idhini. Bomba hilo lilikuzwa kwa ushirikiano na Raleigh, na Ilkeston ndiko lilikojaribiwa kwa jasho la Post na watu wake.

Kwa hiyo mwaka 1980 Uingereza ilikuwa na bomba bora, karakana bora na timu bora. Watu wangapi nchini walikuwa na habari? Wachache sana, na chanzo chake ni cha zamani kuliko Raleigh ya TI.

Nchi iliyojificha na mbio zake

Mwishoni mwa karne ya 19 chama cha waendesha baiskeli cha Uingereza, NCU, kilipiga marufuku mbio za kuanza pamoja kwenye barabara za umma. Waliogopa kwamba polisi na wenye magari ya farasi wangekasirika hadi serikali iizuie baiskeli moja kwa moja. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga wakati ule. Ujinga ulikuwa kuiendeleza kwa zaidi ya nusu karne, wakati Ufaransa ilianzisha Tour mwaka 1903, Italia Giro mwaka 1909, na magazeti ya huko yakigundua kwamba mbio za baiskeli huuza magazeti, na magazeti huuza baiskeli.

Waingereza waliobaki na hamu walibuni mbio za kushindana na saa, mtu mmoja mmoja, alfajiri. Waendeshaji walivaa nguo nyeusi kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu ili wasivutie macho. Njia zilipewa namba za siri, na mbio hazikutangazwa kabla. Namba hizo zinatumika hadi leo. Mtu wa klabu atakwambia anakwenda V718, karibu na Hull, na wewe usiyemo hutaambulia kitu. Mchezo uliobuniwa makusudi ili usionekane hauwezi kumtangazia mtu bidhaa. Na sheria za ridhaa, za waendeshaji wasiolipwa, ziliongeza ukali: mwendeshaji hakuruhusiwa kuonekana akitangaza kampuni, hata jina kwenye fremu pichani lilikuwa kero. Inasimuliwa kwamba ndiyo maana Hetchins wa London walipinda vyuma vya nyuma vya fremu zao kwa madoido, ili baiskeli itambulike gazetini hata jina likifutwa. Mbunifu akilazimika kupinda chuma kwa sababu hiyo, biashara ya nchi hiyo imeshapotoka mahali.

Mwaka 1942, vita vikiendelea na petroli ikiwa ya mgao, Percy Stallard wa Wolverhampton aliamua liwalo na liwe. Tarehe 7 Juni aliandaa mbio kutoka Llangollen, Wales, hadi Wolverhampton, watu wakianza pamoja kama Wafaransa. Polisi walisaidia badala ya kuzuia. NCU wakamfungia. Yeye na wenzake wakaanzisha chama chao, BLRC, na vyama hivyo viwili vikagombana kwa miaka 17 hadi vilipoungana mwaka 1959. Ugomvi ule ulikula kizazi kizima cha vijana, ambao walilazimika kuchagua upande kabla ya kuchagua mbio.

Linganisha na Treviso. Giovanni Pinarello alikuwa mwendeshaji wa kawaida aliyemaliza wa mwisho katika Giro ya 1951. Mwaka uliofuata timu yake, Bottecchia, ilimlipa lira 100,000 ampishe mwenzake kikosini, na kwa pesa hizo akafungua duka la baiskeli. Italia hata aliyeshika mkia aliijua njia ya kutoka kwenye mbio hadi kwenye karakana, na wateja wake walimjua kwa jina. Uingereza ilikuwa na mafundi hodari wa fremu, akina Hetchins, Bates, Claud Butler, Holdsworth na Condor, lakini waliuziana humohumo, klabu kwa klabu.

Walijaribu kutoka. Mwaka 1955 kampuni ya Hercules ya Birmingham iligharimia waendeshaji waliounda timu ya kwanza ya Uingereza katika Tour. Walioanza walikuwa kumi, waliofika Paris wawili: Brian Robinson nafasi ya 29, na Tony Hoar nafasi ya 69, ya mwisho kabisa. Hercules wakafunga mfuko. Robinson akaenda kuendesha kwa timu za bara, na mwaka 1958 akawa Mwingereza wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Tom Simpson, bingwa wa dunia wa 1965, alikuwa akiendesha Peugeot. Tangu hapo ikawa desturi: Mwingereza mwenye kipaji huvuka bahari, na huko hupewa baiskeli ya wenyeji.

Kwa nini 1980 haikuzaa matunda

Sasa rudi Ilkeston. Ushindi ule ulipaswa kuwa mwanzo. Kwa nini haukuwa?

Sababu ya kwanza ni umiliki. Tube Investments, kampuni kubwa ya vyuma, iliinunua Raleigh mwaka 1960 na kuiweka chini ya dari moja na Hercules, Phillips na majina mengine iliyokwisha kuyameza. Kwenye karatasi lilikuwa jambo la maana. Kwa vitendo, karibu sekta nzima ya baiskeli ya nchi ilikuwa mikononi mwa wakurugenzi wachache ambao baiskeli ilikuwa moja tu ya biashara zao. Italia walikuwa na Colnago, Pinarello, De Rosa, Bianchi na Wilier, kila mmoja akimwonea wivu mwenzake. Mmoja akianguka, wanne wamebaki. Uingereza Raleigh ilipokohoa, hakukuwa na mwingine.

Na ilikohoa vibaya. Timu ya TI-Raleigh ilivunjwa mwisho wa 1983. Jina likabaki pembeni ya wadhamini wengine: Panasonic ya Post, kisha Super U ya Laurent Fignon, aliyepoteza Tour ya 1989 kwa sekunde nane. Sekunde nane, na baiskeli ya Kiingereza ingekuwa na Tour mbili. Lakini kufikia wakati huo TI walikuwa wameshaiuza, mwaka 1987, kwa kampuni iitwayo Derby. Uundaji wa fremu Nottingham ulikoma 1999, kiwanda kikafungwa 2002, na sehemu ya eneo lake leo ni chuo kikuu. Mwaka 2012, mwaka uleule Wiggins aliposhinda Paris, Accell ya Uholanzi iliinunua Raleigh kwa pauni milioni 62.

Sababu ya pili ni kaboni. Ujuzi wote wa 753, ule wa fedha na moto mdogo, ulikuwa ujuzi wa chuma. Miaka ya 90 fremu za mbio zikahamia alumini, kisha nyuzi za kaboni, na viwanda vikahamia Taiwan na China. Fundi wa Ilkeston hakuwa na cha kubeba kwenda kwenye dunia hiyo.

Wengi huishia hapa na kusema basi, kazi ilikwenda Asia, gharama za Uingereza zilikuwa juu. Siafiki. Fremu za Pinarello nazo hutengenezwa Asia. Canyon husanifu Koblenz na kuagiza Asia. Gharama za mafundi Ulaya haziamui tena nani aweke jina lake kwenye bomba la chini la fremu.

Vilevile hoja kwamba Waingereza waliishiwa ubunifu haina miguu. Mwaka 1992 Chris Boardman alishinda dhahabu ya Olimpiki Barcelona juu ya Lotus 108 ya kampuni ya magari ya Kiingereza, baiskeli ya kaboni ya kipande kimoja iliyotokana na mawazo ya Mike Burrows. Miaka miwili baadaye, juu ya Lotus 110, akaanza Tour mjini Lille kwa wastani wa kilomita 55.152 kwa saa. Kisha UCI, chama cha dunia, wakaandika kanuni zilizoirudisha fremu kwenye umbo la kizamani la pembetatu mbili, na njia hiyo ikafungwa kwa barabarani. Mwaka 2011 McLaren, wa magari ya Formula 1, walishirikiana kutengeneza Venge, baiskeli ya kasi iliyokwenda kwa Mark Cavendish. Jina lililouzwa? Specialized, ya California. Akili ya Kiingereza ilikuwa ikitafutwa na kulipwa, mradi jina liwe la mwingine.

Mlango ulikuwa wazi

Kesi inayonifanya nikatae kulaumu marufuku ya zamani peke yake ni hiyo Canyon. Ilianza kama biashara ya vipuri ya familia mwaka 1985 na ikachukua jina la Canyon mwaka 2002. Mwaka 2009 Cadel Evans alikuwa bingwa wa dunia juu ya baiskeli yao. Miaka saba. Walifanyaje? Waliuza moja kwa moja kwa mteja kupitia intaneti, faida ambayo ingekwenda kwa mwenye duka wakaielekeza kwenye timu, na timu ikawatangaza Ulaya nzima kwa wakati mmoja.

Elewa timu inagharimu nini. Mtengenezaji hatoi baiskeli tu. Anatoa mamia ya baiskeli kwa msimu, za mazoezi, za akiba, za kushindana na saa, na juu yake anaweka fedha taslimu. Pesa hizo hurudi kama unauza baiskeli ghali katika nchi nyingi, ambako mnunuzi ameona jezi na anataka kilichokuwa chini yake. Kampuni za Kiingereza za miaka ya 2000 ziliuza nyumbani, kwa bei ya chini, mara nyingi kupitia mpango wa nafuu ya kodi kwa anayenunua baiskeli ya kuendea kazini. Kwa biashara hiyo, timu ya Tour ni hasara tupu. Mameneja hawakukosea hesabu. Waliokosea ni wamiliki waliochagua aina hiyo ya biashara katika miaka kumi ambayo mlango ulikuwa wazi kabisa. Brompton, inayounda baiskeli zake za kukunja London, haina sababu yoyote ya kwenda Tour.

Team Sky walipoanza 2010 walihitaji mtu wa kuleta baiskeli nyingi, haraka, na pesa juu yake. Sioni kampuni ya Kiingereza iliyoweza wakati huo. Na Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa mbio Kikuyu na David Kinjah kabla ya kuhamia leseni ya Uingereza mwaka 2008, alikuta Pinarello ikimsubiri, kama Simpson alivyokuta Peugeot.

Yupo mmoja anayeleta utata. Factor ilizaliwa Norfolk, ndani ya kampuni ya vifaa vya magari ya mashindano, na baiskeli yake ya kwanza ilitokea 2009. Kisha ikanunuliwa na Rob Gitelis, Mmarekani aliyekuwa na miaka mingi kwenye viwanda vya kaboni vya Taiwan, pamoja na Baden Cooke, Mwaustralia mstaafu wa mbio. Mwaka 2017 Romain Bardet alimaliza Tour wa tatu juu ya Factor. Mwaka 2021 Froome mwenyewe alihamia kwenye timu iliyokuwa ikiitumia. Wengine huihesabu kuwa ya Kiingereza. Mimi siihesabu: ilifika Tour baada ya kuondoka mikononi mwa Waingereza, na iliwezekana kwa sababu mnunuzi alikuwa na kiwanda, siyo kumbukumbu.

Kama kuna anayeweza kurudi, namtazama Halfords, mwenye maduka kila mji wa Uingereza. Tangu 2014 anamiliki baiskeli za jina la Boardman, na jina hilo lina heshima: Nicole Cooke alishinda dhahabu ya barabarani ya Olimpiki Beijing 2008 juu ya baiskeli hiyo. Ufaransa, Decathlon, mwenye duka kama yeye, aliunda jina la Van Rysel na mwaka 2024 akaliingiza kwenye timu ya daraja la juu. Tofauti ni kwamba Decathlon ana maduka Ulaya nzima na nje yake, kwa hiyo mtazamaji wa Ubelgiji au Hispania anayeipenda baiskeli kwenye televisheni anaikuta mtaani kwake Jumamosi. Halfords anauza Uingereza na Ireland. Mpaka atakapokuwa na pa kuiuzia Boardman nje ya visiwa hivyo, mkurugenzi wake wa fedha ataendelea kusema hapana, na atakuwa sahihi.